M-Pesa ni ya nani? Hadithi ya mrabaha

Majuzi nilikuwa nyumbani Mitunguu. Mama mmoja jirani aliuza ndizi, akalipwa kwa M-Pesa, kisha akaniuliza: "Kijana wangu, hii M-Pesa si yetu Wakenya?" Nikasema ndiyo. Baadaye nikaona nilijibu haraka.

Tuanze na simu yenyewe. Ndani ya kila simu mna uvumbuzi wa kampuni nyingi, unaolindwa kwa hataza. Mtengenezaji wa simu huwalipa mrabaha wenye hataza hizo, kama vile Qualcomm na Ericsson. Nokia iliuza biashara yake ya simu kwa Microsoft mwaka 2014, lakini hataza ikabaki nazo. Mpaka leo inavuna.

M-Pesa ilipita njia iyo hiyo, ila hapa kilicholipiwa ni programu na jina. Ilibuniwa ndani ya Vodafone ya Uingereza na kundi la Nick Hughes na Susie Lonie, kwa kusaidiwa na fedha za serikali ya huko. Majaribio yalianza mwaka 2005, na Safaricom ikaizindua Machi 2007. Jina ni la Kiswahili, mawakala na wateja ni sisi, lakini mwenye mali alikuwa Vodafone. Kwa hiyo Safaricom iliilipa Vodafone ada kutokana na M-Pesa, na Vodafone hiyo hiyo ilipata pia gawio kama mwenye hisa.

Tupige hesabu. Katika mwaka wa fedha ulioisha Machi 2019, M-Pesa iliiingizia Safaricom karibu shilingi bilioni 75. Kila asilimia 1 ya hapo ni shilingi milioni 750!

Aprili 2020 Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini zilikamilisha ununuzi wa M-Pesa kupitia kampuni yao ya ubia. Lakini Vodacom nayo ni kampuni tanzu ya Vodafone. Basi jibu sahihi kwa mama ni: sasa ni yetu kwa sehemu.

Mimi nalijua hili kwa uchungu. Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo niliandika programu ya stoo, nikatia sahihi mkataba bila kuusoma. Nililipwa mara moja. Programu ingali inauzwa. Wenzangu mnaoandika programu, kabla ya kuuliza mshahara, ulizeni kodi mtakayoandika itakuwa mali ya nani.