Kijiji Kilichoitangulia Nairobi

Shosho yangu anaishi Dagoretti, na akipanda matatu kuja tao bado husema, "Naenda Nairobi." Zamani nilimcheka. Kumbe historia iko upande wake.

Mwaka 1890 Mwingereza Lugard alijenga ngome Dagoretti, akala kiapo cha undugu na Waiyaki wa Hinga. Wenzake walipoanza kupora vyakula, ngome ikachomwa. Waiyaki alikamatwa 1892, akafia Kibwezi akipelekwa pwani. Reli ilifika Nairobi 1899. Kabla ya hapo tao lilikuwa kinamasi na malisho ya Wamaasai.

Leo tunalitaja jina la Waiyaki tukilalamikia jam ya Waiyaki Way. Shosho hakuhamia jijini. Jiji ndilo lililomfuata, likamkuta kwao.