Ngao ya Robo Nne: Nembo, Nasaba na Upande wa Mama katika Pwani ya Tanga

Mzungumzaji wa Kiswahili wa leo asikiapo neno nembo hukumbuka kwanza ngao ya taifa: mwenge, bendera, shoka na jembe, mawimbi ya bahari, na chini yake maneno Uhuru na Umoja. Hata hivyo, maana hiyo ni changa. Katika kamusi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 nembo ni alama iliyochanjwa mwilini ili mtu ajulikane ni wa watu gani, kama walivyofanya Wamakonde na Wamakua. Neno lilihama kutoka katika ngozi ya mtu likaenda kwenye karatasi ya serikali, na katika safari hiyo liliruka jambo moja: ukoo. Taifa lina nembo, vyuo na mashirika yana nembo. Lakini mtu wa Tanga akiulizwa nembo ya ukoo wake hushangaa. Dai la mhadhara huu ni kwamba nembo za koo zilikuwapo katika pwani hii, kwamba zilikuwa na robo zake kama zilivyo ngao za Ulaya, na kwamba anayetaka kuziunda upya hana budi kuzitafuta katika maneno.

Ni vyema kueleza kwanza ngao za robo nne ni nini. Mfano mkongwe na mashuhuri ni ule wa Hispania, pale Ferdinand III alipounganisha Castilla na León mwaka 1230: ngome ya Castilla na simba wa León viliwekwa katika ngao moja iliyogawanywa mara nne, kila alama ikijirudia kwa mshazari. Castilla alikuwa ameipata kwa mama yake, León kwa baba yake. Desturi ikaenea kwa koo za kawaida za waungwana, na kwa Waingereza ikawekewa sharti: mtoto huongeza nembo ya mama yake ikiwa mama huyo ni mrithi, yaani hana ndugu wa kiume aliyeacha kizazi. Kwa hiyo ngao yenye robo nyingi, ijapokuwa hubebwa kwa jina la mwanamume, ni orodha ya wanawake waliorithi. Anayeifanyia utafiti huuliza swali lile lile kwa kila robo: bibi arusi gani aliileta hii?

Jambo la pili ni la kumfurahisha mwanaisimu. Katika elimu hiyo ya nembo, picha si asili. Asili ni tamko. Kila ngao ina fungu la maneno lililopangwa kwa utaratibu maalumu, likitaja rangi, umbo na mahali pake. Mchoraji yeyote akilisoma anaweza kuichora ngao ambayo hajawahi kuiona. Rangi zikififia, jiwe likivunjika, tamko hutosha.

Ngao za namna ya Ulaya zilifika katika pwani hii mapema. Mwezi Januari 1499 Vasco da Gama, akirejea kutoka India, aliichoma moto meli yake ya São Rafael karibu na Mtang'ata, kusini mwa Tanga, kwa kuwa maradhi yalikuwa yamemmalizia mabaharia. Nguzo aliyoiacha Malindi ina ngao ya mfalme wa Ureno hadi leo. Wenyeji waliziona alama hizo kwa karne mbili na hawakuziiga. Walichukua neno bendera kutoka Kireno, wakaiacha ngao. Hawakuwa na haja nayo, kwani walikuwa na vyao: siwa, ngoma, kiti, mwavuli, kilemba na viatu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, anaonyesha wazi kwamba mambo ya namna hii kwa jumbe yalikuwa haki na wala si mapambo. Siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu, zinazohifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ndizo mashuhuri zaidi, lakini mila hiyo ilishuka hadi Vumba Kuu na miji ya Mrima. Haikupigwa kwa kila mtu. Kama ilivyo kwa ngao ya Ulaya, kumwuliza mtu kwa nini siwa imepigwa kwake ni kumwuliza nasaba yake.

Mfano ulio kamili zaidi haupo pwani yenyewe bali milimani juu yake, nao umeandikwa na mtu wa pwani. Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy zilichapwa kwa sehemu na misheni ya UMCA, kisha zikahaririwa na J. W. T. Allen na kutolewa kuwa kitabu kimoja mwaka 1962. Wengi huzisoma kama historia ya wafalme wa Usambaa. Zinaweza kusomwa pia kama tamko refu la nembo.

Mwanzilishi, Mbegha, alizaliwa Ngulu akiwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa sababu hiyo ndugu zake walimnyima urithi. Tazama basi: robo ya kwanza, ile ambayo katika ngao za Ulaya ni ya baba, hapa ilifutwa kabla ngao haijaanza. Jina Wakilindi si la ukoo aliozaliwa. Ni la mji wa Kilindi alikopata urafiki na mwana wa mkubwa wa mji, akakimbia kijana huyo alipouawa mawindoni. Mbwa, mikuki na nyama ya nguruwe mwitu aliyowagawia Wasambaa ni robo aliyoipata kwa kazi ya mikono yake. Ndipo anakuja simba, aliyemwua njiani kwenda Vuga. Masimulizi yanamzaa mwanawe Buge juu ya ngozi ya simba huyo, na mfalme wa Vuga akawa anaitwa Simba Mwene. Mama wa Buge alikuwa mwanamke wa Kisambaa. Mbegha alipokufa, kifo chake kilifichwa mpaka mtoto huyo alipoletwa Vuga, na watu wa upande wa mama ndio waliokuwa nguzo yake. Simba wa Wakilindi, kwa lugha ya ngao, ni simba wa upande wa kike. Baba alimwua, ni mama aliyemfanya kuwa urithi.

Robo ya pwani iliongezwa baadaye. Enzi ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki yapata mwaka 1862, mamlaka ya Vuga yalifika hadi kwa majumbe wa pwani, na mwanawe Semboja, akikaa Mazinde kwenye njia ya misafara, aliishi kwa mavazi na desturi za Kiswahili. Mwandishi wa Habari alikuwa mtu wa baraza lake. Pengine ndiyo maana robo hii imeandikwa kwa wino uliokoza kuliko zile nyingine.

Katika miji ya pwani kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu robo moja imezoea kuijaza ngao yote. Tongoni, ulipokuwa mji wa Mtang'ata, pana magofu ya msikiti na makaburi yapatayo arobaini, baadhi yake yakiwa na nguzo zilizopambwa kwa vyombo vya kaure. Burton alipofika huko mwaka 1857 alionyeshwa kigae chenye maandishi ya Kiajemi. Kigae kimoja kikatosha: watafiti wengi wa baadaye waliisoma pwani nzima kwa kigae hicho, na familia nazo zikaona ni heshima kuanza shajara zao Shirazi. Hapana sababu ya kuwabeza. Nisba ya Kishirazi ni robo halali, na biashara ya Ghuba ilikuwa ya kweli. Kosa ni kuidhani kuwa ngao.

Robo zilizofunikwa zimebaki katika msamiati. Maneno yanayotaja upande wa baba kwa fahari ni ya Kiarabu: nasaba, kabila, shajara. Yanayotaja upande wa mama ni ya Kibantu: tumbo, mjomba, ujomba. Wadigo wa Tanga na Kwale huwaita Waswahili kwa neno lile lile la wajomba, na mtu hamwiti jirani mjomba pasipo ndoa za vizazi vingi. Nao Wadigo walihesabu ukoo na urithi kwa upande wa mama, kwa fuko. Kwa hiyo mtoto wa baba Mshirazi na mama Mdigo alikuwa wa baba yake kwa sharia ya Kiislamu, na wa wajomba zake kwa mila. Na minazi aliyoipanda yeye ingeweza kudaiwa na wanawe na pia na wana wa dada yake. Kuchora shajara ya baba peke yake lilikuwa pia jibu katika kesi ya shamba. Huko ndiko wanawake walikopotelea, si katika kumbukumbu.

Lahaja nazo zina ushahidi wake. Kimtang'ata alichokieleza W. H. Whiteley mwaka 1956, na Kivumba cha H. E. Lambert mwaka 1957, ni lahaja za Kibantu katika sarufi yake yote, hata kinywani mwa familia ambazo shajara zao hazitaji Mbantu hata mmoja. Watoto walijifunza usemi huo kwa mama zao na bibi zao. Anayeunda upya nembo ya ukoo wa Tanga aanze basi kwa maswali ambayo shajara haiyaulizi: watoto walimwita nani mjomba, bibi alizikwa wapi na kwa watu gani, jina la nani lilirudiwa kwa wajukuu wa kike, nani alikuwa na haki ya kudai mahari. Majibu hayo huwa kwa wanawake wazee, na kwa kawaida hawaulizwi. Mgeni mwenye daftari hupelekwa barazani kwa wanaume.

Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga. Mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya kitabu cha Allen kutoka, uchifu ulifutwa kisheria Tanganyika nzima. Ngoma na viti vikanyamaza au vikaingia makumbusho. Jina Simba Mwene halikuhitaji kabati.