Joseph Shepard: Mwanamgambo aliyerejea shambani

Abiria wa treni za chini ya ardhi mjini Toronto, Canada, wakiwemo wenzetu waliotoka Afrika Mashariki, hulisikia jina la Sheppard kila siku wanapofika North York, mahali ambapo barabara ya Sheppard hukutana na ile ya Yonge.

Leo hapo pamejaa maghorofa. Miaka 200 iliyopita palikuwa na mashamba, na jina hilo huhusishwa na ukoo wa Joseph Shepard, mkulima na mwenye kinu cha kusaga nafaka, aliyelea watoto 8 pamoja na mkewe Catherine.

Mwaka 1812 Marekani ilitangaza vita dhidi ya Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Canada. Tarehe 27 Aprili 1813 majeshi ya Marekani yalitua York, kama Toronto ilivyoitwa hadi mwaka 1834. Shepard, ambaye wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye familia, alikuwa miongoni mwa wanamgambo walioitwa kuutetea mji.

Kamanda wa Uingereza, Jenerali Roger Sheaffe, alipoona ameelemewa, aliamuru ghala kuu la baruti lilipuliwe. Mlipuko huo uliua Wamarekani wengi, akiwemo Jenerali Zebulon Pike. Shepard naye alijeruhiwa vibaya. Sheaffe aliondoka na askari wake wa kudumu kuelekea Kingston, akawaacha wanamgambo wajadili wenyewe masharti ya kusalimu amri.

Shepard alipewa pensheni kwa ajili ya majeraha yake, akarudi kulima. Mwaka 1816 ujenzi wa kanisa la Mtakatifu Yohana, York Mills, ulianza katika ardhi iliyotolewa na yeye na mkewe.

Hata hivyo, ukarimu huo haukumfanya akubaliane na utawala uliokuwepo. Madaraka yalishikwa na kundi dogo la watu wenye uhusiano wa karibu, huku sehemu moja kati ya saba ya ardhi iliyogawiwa ikitengwa kwa ajili ya makasisi wa Kiprotestanti, jambo lililolinufaisha zaidi Kanisa la Uingereza. Wakulima walilalamika kwamba ardhi hiyo ilikaa bila kulimwa na kukwamisha ujenzi wa barabara. Shepard, aliyekuwa amelipatia kanisa hilo hilo kiwanja kwa hiari yake, akawa mmoja wa waandaaji wa siasa za mageuzi, akimwunga mkono mwanasiasa William Lyon Mackenzie.

Shepard alifariki dunia mwaka 1837, miezi michache kabla ya Mackenzie kuongoza uasi wa mwezi Desemba. Gharama ya msimamo wake ikawaangukia aliowaacha. Wanawe walijiunga na waasi, na baada ya uasi kuzimwa baadhi yao walitiwa gerezani. Nyumba ya jirani yao, mpima ardhi David Gibson, ilichomwa moto kwa amri ya Gavana Francis Bond Head. Viongozi wawili, Samuel Lount na Peter Matthews, walinyongwa mwezi Aprili 1838. Ilipofika mwaka 1848, serikali inayowajibika kwa bunge ilikuwa imepatikana.

Msikilizaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuyalinganisha hayo na majina ya Kariakoo na Kariokor, yaliyotokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nchini Kenya, mpango wa mwaka 1919 uliwapa askari wa Kizungu waliomaliza vita mashamba katika nyanda za juu, lakini wapagazi Waafrika hawakupewa chochote katika mpango huo. Shepard alikuwa na shamba na pensheni; alichokidai ni sauti. Wapagazi walikosa vyote vitatu.

Hata shamba la Shepard lilikuwa na wenyewe. Lilikuwa katika nchi ya Wamississauga, ambao makubaliano ya kuinunua ya mwaka 1787 na 1805 yalizua mgogoro uliomalizika mwaka 2010, Canada ilipokubali kuwalipa dola milioni 145.

Karibu na kituo hicho cha treni lipo jengo la serikali ya shirikisho la Canada. Linaitwa Joseph Shepard, jina la mtu ambaye wanawe waliwahi kufungwa kwa kuiasi serikali.