Miembe ya Njia ya Misafara

Ukitoka Tabora mjini kwenda Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, utapita miembe mikubwa. Tunaiita yetu. Lakini mwembe si mti wa Unyamwezi. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani. Ulifika pwani kwa majahazi, kisha ukapanda bara pamoja na misafara, kwa njia ya kilomita zipatazo 1,200 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga matembe na kulima bustani.

Chini ya miembe hiyo walipumzika wapagazi wa Kinyamwezi, pembe za ndovu zikiwa zimetuliwa kando yao. Chini yake waliketi pia watu waliofungwa minyororo shingoni. Wazee husimulia kwamba miembe mingine iliota kutokana na kokwa walizotupa watumwa hao. Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka njia hii katika orodha ya awali ya maeneo inayotaka UNESCO iyatambue kuwa urithi wa dunia, na si kwa sababu ya uzuri wake.

Basi tufanye nini na mti mgeni ulioletwa na biashara ya namna hiyo? Siku hizi tunahimizwa kupanda miti ya asili, na wanaotuhimiza wana hoja. Asali ya Tabora inatoka katika miombo. Mninga na mtundu vikiisha, hakuna mti wa kuletwa utakaoziba pengo hilo. Tena wako wageni walioharibu kweli: magugu maji kutoka Amerika ya Kusini yalilifunika Ziwa Victoria miaka ya 1990, wavuvi wakashindwa kutoa mitumbwi. Lakini hata huko, miongoni mwa vilivyosaidia kuyapunguza ni wadudu walioletwa kutoka kulekule yalikotoka. Mgeni alimdhibiti mgeni.

Kwa hiyo swali la mti umetoka wapi halitoshi. Mahindi na mihogo tunayoomba baraka mezani asili yake ni Amerika. Tumbaku nayo imetoka hukohuko, na kuni za kuikaushia zimemaliza miombo mingi ya Urambo na Sikonge. Bara moja limetuletea chakula na limetuletea moshi. Bwana wetu aliagiza mti utambulike kwa matunda yake. Hakutaja nchi ulikotoka. Naye nabii Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli wapande bustani na kula matunda yake, katika nchi ambayo hawakuichagua.

Na tukianza kufukuza kila kilichokuja kwa njia ile, tutafika mpaka kanisani. Mapadre wa kwanza wa White Fathers walipita humo mwaka 1878 wakiwa na wapagazi kama msafara mwingine wowote. Wamoravian walioipokea misheni ya Urambo mwaka 1898 nao walikuwa wageni. Injili ilitembea juu ya nyayo za watumwa. Hilo linauma, na hatuoni sababu ya kulificha.

Mwembe huzaa mvua zinapoanza, ghala likiwa limekwisha na mahindi mapya hayajakomaa. Anayejua njaa ya Desemba hatauita mti huo adui. Wala hauvamii miombo kama gugu. Kwa sehemu kubwa unakaa palipo na watu, au palipokuwa na watu. Ndiyo maana mwembe mkuukuu porini huonyesha mahali kambi au kijiji kilipokuwa. Kuukata ni kufuta alama ya watu ambao wengi wao hawakuachiwa hata kaburi.

Kwenye viwanja vya kanisa tungependa mninga upandwe kwanza, maana huchukua miongo kadhaa kukomaa. Mwembe ukae upande wa barabarani, watoto wakirusha mawe wasivunje madirisha.