Mafuta, Misumari na Buti la Mlimani

Wapanda milima ya Alps wa karne ya 19 walitunza mabuti yao kwa mafuta ya wanyama na ya samaki, na wengi leo huiona desturi hiyo kuwa ushamba. Haikuwa hivyo. Buti la wakati ule lilikuwa ngozi nene iliyoshonwa kwa uzi, na soli yake ilipigiliwa misumari ili ishike mwamba na barafu; kila tundu lilikuwa njia ya maji. Mafuta yaliyazuia, yakailainisha ngozi isipasuke ikikauka. Misumari ilianza kuachwa baada ya Vitale Bramani wa Italia, aliyefiwa na wenzake mlimani mwaka 1935, kubuni soli ya mpira.

Itasemwa kwamba ngozi bado ipo, kwa hiyo mafuta bado yanafaa. Kwa buti la ngozi tupu, ndiyo, ila yakizidi huilegeza. Lakini tangu Gore-Tex iingie sokoni miaka ya 1970, mabuti mengi yamewekewa utando wa aina hiyo, unaozuia maji huku ukipitisha mvuke wa jasho. Mafuta mazito yakiziba sehemu ya nje, jasho hubaki ndani. Hapo brashi na maji ya uvuguvugu hutangulia. Katazo la kukausha mabuti kwa moto, kwa bahati, halijabadilika: ngozi iliyolowa kando ya jiko husinyaa, na gundi ya leo nayo huachia. Fundi wa kale aliweza kung'oa soli akashona nyingine, ilhali povu la poliyurethani la soli za mabuti mengi ya sasa huoza kwa unyevunyevu hata yakiwa kabatini, na hakuna mafuta yanayoliponya.