Tales of Kenzera: Zau

Tales of Kenzera: Zau ni mchezo wa video uliotolewa Aprili 2024 na Surgent Studios ya Uingereza, kupitia kampuni ya Electronic Arts. Mwanzilishi wa studio hiyo ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyempa sauti Bayek katika Assassin's Creed Origins (2017). Aliutunga akimwombolezea baba yake.

Zau, mganga kijana, anapatana na Kalunga, mungu wa mauti: amletee roho kuu tatu, naye arudishiwe baba. Ana vinyago viwili, cha jua kwa kupigana ana kwa ana na cha mwezi kwa kushambulia kwa mbali. Mchezo una sauti za Kiswahili.

Roho zenyewe zimekusanywa huku na huko: Impundulu wa kusini mwa Afrika, GaGorib wa Wakhoikhoi, Kikiyaon wa Afrika Magharibi. Huo ndio udhaifu wa mchezo; dunia yake haina nchi yake. Mtunzi atakaye hadithi ya giza yenye kwao angeanzia Nchelenge, Zambia, ufukoni mwa Ziwa Mweru. Kusini yake, kando ya vinamasi vya Luapula, ndiko Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, chifu wa Walunda. Masimulizi yao, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi (1951), yanaeleza jinsi ndugu walivyozamishwa mtoni kwa kufichua siri ya chumvi. Na kila Julai Mwata hucheza ngoma ya Mutomboko hadharani, upanga na shoka mkononi.