Kifaa kinachowekwa ndani ya uume: kipimo kikikosewa, operesheni inaharibika

Kuna wanaume ambao vidonge vya kusaidia uume kusimama havifanye kazi tena kwao. Wengine wameishi na ugonjwa wa sukari miaka mingi, wengine walitolewa prostati sababu ya kansa, wengine wana anemi SS. Kwao waganga wa upasuaji wana njia ya mwisho, ni kusema kuweka ndani ya uume kifaa chenye kuufanya uwe mgumu. Kazi hiyo si mpya. Mwaka 1973 munganga Brantley Scott wa Houston, Marekani, pamoja na wenzake, walitangaza kifaa chenye kujazwa maji. Kwetu huku mashariki ni wachache wanaoifikia, na wenye uwezo wanaendaka kuitafuta mbali, kama vile Nairobi ao India. Basi ni vizuri mtu aelewe mambo haya mbele ya kuuza kiwanja.

Swali ambalo wanaume wengi wanaulizaka kwanza ni hili: "Wataniwekea kikubwa?" Hapana. Kifaa hakirefushe uume. Kinafuata nafasi iliyo ndani ya mwili wako, na munganga mwenye kukuahidi santimetri za ziada, umuogope.

Ndani ya uume mna mirija miwili ya nyama laini kama sponji, imelala sambamba. Inaanzia ndani kabisa, kwenye mifupa ya nyonga, chini karibu na pale tunapokalia, na inaishia chini ya kichwa cha uume. Sehemu kubwa ya mirija hiyo haionekane kwa macho. Ndiyo maana kifaa cha santimetri 18 ao 20 hakimaanishe uume wa santimetri 20. Namba iliyoandikwa kwenye boksi si ya kujisifia mbele ya marafiki.

Vifaa viko vya aina mbili. Kimoja ni vijiti viwili vyenye kukunjika, vinabaki vigumu wakati wote, mtu anavipinda chini ao juu kwa mkono. Ndicho cha bei nafuu. Kingine ni mipira miwili mirefu inayojazwa maji ya chumvi kwa pompi ndogo iliyofichwa ndani ya mfuko wa korodani. Hicho ni ghali sana, lakini uume unalala na kusimama karibu kama zamani.

Kipimo chenyewe kinachukuliwa ndani ya operesheni, mugonjwa akiwa amelazwa usingizi ao amechomwa sindano ya mgongo. Munganga anapasua kidogo, anapanua kila mrija, halafu anaingiza kijiti chenye alama za santimetri. Anapima kutoka pale alipopasua kwenda nyuma mpaka kwenye mfupa, kisha kwenda mbele mpaka chini ya kichwa, anajumlisha. Tuseme nyuma ni 9 na mbele ni 10, jumla ni 19. Anafanya vilevile upande wa pili. Namba za pande mbili zikiachana sana, anapaswa kusimama na kutafuta sababu: labda kijiti kimetoboa mrija, ao kimevuka kwenda upande wa mwenzake. Waganga wengi hupunguza kidogo kwenye jumla, nusu santimetri ao moja, ili kifaa kisisukume.

Kosa baya zaidi ni kuweka kirefu kupita nafasi. Kifaa cha maji kinajikunja ndani kama herufi S, na maumivu yanaendelea hata nyuma ya wiki nyingi, wakati yangepaswa kuwa yamekwisha. Ncha inasukuma nyama kila siku mpaka inakuwa nyembamba, halafu inatoboa: inatokea kwenye ngozi ao ndani ya njia ya mkojo. Vile vijiti vigumu vina hatari zaidi, sababu havipumzike. Na mwenye sukari ya siku nyingi, ao aliyeumia uti wa mgongo, anaweza asisikie maumivu ya kumwonya. Anashtuka wakati kitu kimekwisha kutokea.

Kifupi nacho kina shida yake. Kichwa cha uume kinakosa egemeo, kinainama, kinacheza huku na huku wakati wa tendo, na bibi anaweza kuumia. Waganga waliiita hali hiyo kwa jina la ndege Concorde, ile yenye pua iliyoinama. Mara nyingine inatengenezwa kwa kushona kichwa mahali pake, mara nyingine ni lazima kubadilisha kifaa. Ni operesheni ya pili, na pesa ya pili.

Lakini hata kipimo kikiwa sawasawa, wanaume wengi wanalalamika kwamba uume umekuwa mfupi. Kumbe wanalinganisha na ule wa ujana wao. Miaka bila kusimama, na kutolewa prostati, hupunguza urefu mbele hata ya kisu. Tena kichwa hakivimbe sababu ya kifaa. Dawa ya huzuni hiyo ni rula: mbele ya operesheni, munganga avute uume polepole na kuupima, bwana na bibi wakiona. Urefu utakaopatikana utakuwa karibu na huo.

Kwa ndugu zetu wa anemi SS kuna neno la pekee. Wao hupatwa na uume kusimama wenyewe kwa maumivu, bila hamu. Ukipita saa 4, ni jambo la kukimbilia hospitali usiku huohuo, si la kuficha kwa haya. Ukikaa siku nyingi, sponji inageuka kovu gumu. Baadaye munganga akitaka kuweka kifaa anakuta nafasi imebana, anatumia chembamba na kifupi zaidi, na hatari ya kutoboa inaongezeka. Kwa wale ambao sponji imeharibika tayari, kuwekewa mapema, mbele kovu halijakaza, kunalinda urefu.

Mengine kwa ufupi. Sukari ishushwe kwanza, maana uchafu ukiingia, mara nyingi kifaa chote kinatolewa. Tendo la ndoa linangoja wiki 4 mpaka 6. Tena hakuna kurudi nyuma: sponji ikishapanuliwa, vidonge havitasaidia tena hata kifaa kikitolewa. Kwa hiyo vidonge, sindano na pompi ya nje vijaribiwe mbele.

Mbele ya kutoka hospitali, dai karatasi yenye jina la kifaa, aina yake, namba yake na urefu uliowekwa kila upande. Kifaa cha maji mara nyingi hudumu zaidi ya miaka 10 kisha huchoka, na munganga atakayekifungua siku hiyo anaweza kuwa mwingine, katika mji mwingine.